Udongo Mbichi wa Kaburi la Bi Mwantumu

Msiba ukifichwa, uzima hausadikiki. Ndivyo nilivyosema, na sirudi nyuma. Mmempigia Mbelwa simu mkamwambia baba yake anaumwa kidogo, aje amwone, na huku mzee amelala chumbani kafunikwa shuka. Halafu mnaniuliza kwa nini nimenuna, na maneno haya nimeyatoa wapi. Haya, endeleeni kuchambua huo mchele, masikio yawe kwangu. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Kwembago, kabla simu hazijafika, alikuwapo Mzee Singano. Alilima tangawizi kama wenzake, ila mtu akifa, yeye ndiye aliyetumwa bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, kuwapasha habari watoto wa marehemu waliokuwa wakifanya kazi huko. Wengine tuna neno moja tu la kifo, Singano alikuwa nayo tele. Fulani amezidiwa. Fulani amepumzika. Hali yake si ya kuridhisha. Na alilolipenda kuliko yote: "Mzee anakuita." Mtu akimwuliza kama mzee yu hai, humjibu, "Yu hai, twende." Njia nzima mfiwa hutembea na tumaini lake, akifika anakuta watu wamekaa matanga na kaburi limeshakauka. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema Singano ana huruma, anajua kumfikisha mtu kwao kabla hajaanguka.

Singano huyu alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Mwantumu, na Bi Mwantumu alikuwa na mtoto mmoja tu, Hoza. Baba yake Hoza alipofariki, kijana aliteremka kwenda kukata mkonge, mama akimsihi asimwache peke yake. Alipokaidi, mama alimwambia mbele ya watu, "Nenda, lakini radhi yangu huna." Ninyi radhi ya mama mnaisikia kwenye nyimbo tu. Hoza tangu siku ile hakuona jema. Mkewe alimkimbia, mwanawe alikufa kwa surua, na moyoni alijua chanzo ni nini. Alimtumia mama doti ya kanga kuomba msamaha, mama akairudisha vilevile ilivyofungwa.

Kisha mama akaugua. Ugonjwa ulipomlemea, hasira zote zilimtoka, akabaki na mwanawe tu moyoni. Akamwita ndugu yake.

"Niletee Hoza," alisema. "Nataka nimpe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikifa nayo, nimemwangamiza. Mwambie namngoja."

Singano hakupumzika njiani. Alimkuta Hoza kambini, amekaa nje ya chumba chake akijitoa miiba ya mkonge viganjani. Hoza alipomwona mjomba wake anatokea, alisimama, kisha akakaa tena. Kambi nzima ilijua mzee yule huja kwa sababu gani.

"Mpwa wangu," Singano alisema, "mama yako mgonjwa. Anakuita."

Hoza aliinamisha kichwa. "Mmemzika wapi, mjomba? Kando ya baba?"

"Yu hai, Hoza. Amenituma mwenyewe. Anataka kukupa radhi."

"Radhi." Machozi yalianza kumtoka. "Mjomba, hata hilo unalitumia?"

"Nimemwacha anakunywa uji."

"Shemdoe, mwenzangu wa kambi hii, ulimwambia baba yake anakula ugali," Hoza alisema, wala hakupandisha sauti. "Ulimwambia hapahapa, mimi nipo. Alikimbia njia nzima, akakuta watu wanaanua matanga. Mimi usinikimbize. Niache nilie hapa nilipo."

Singano aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake. Lakini kwa Shemdoe pia alikuwa ameapa. Alitafuta neno la kusema, na kila alilolipata lilikuwa limeshatumika kwa maiti wa mtu mwingine. Majirani walikwishajaa, wanawake wameketi chini, mmoja ameanza kulia. Hoza hakukataa kwenda. Alisema ataomba ruhusa kwa mnyapara, anunue mchele wa hitima, ndipo apande, maana aliyezikwa hana haraka tena, na mama ambaye yeye mwanawe hakumfaa akiwa hai angalau asomewe vizuri. Singano alimshika mkono akamvuta, wenzake Hoza wakamtoa kwa upole. Walidhani uchungu wa kufiwa na dada yake umemzidi.

Akapanda mlima peke yake, analia waziwazi, mzee mzima yule.

Bi Mwantumu alikuwa macho. "Yuko wapi?"

Ingekuwa ninyi mngejibu nini? Mngemwambia mgonjwa kwamba mwanawe yuko dukani anamnunulia mchele wa hitima? "Anakuja, dada," Singano alisema. "Siku mbili hizi atafika."

Bi Mwantumu alimtazama. "Singano, nimekubeba mgongoni mimi. Hayo ni maneno yako ya kupelekea watu. Amekataa?"

"Hakukataa. Wallahi anakuja."

"Amekataa," dada yake alisema. "Na ana haki. Kanga zake nilizirudisha mwenyewe."

Akageukia ukutani. Singano alikaa pale akirudia anakuja, anakuja, mpaka sauti ikamkauka. Mama hakuomba tena uji wala maji, na hakuuliza tena habari za mlangoni. Alikufa alfajiri, wakamzika siku ileile.

Kesho yake Hoza akafika na mfuko wa mchele kichwani. Hakupiga kelele, kilio alikuwa amekimaliza kambini. Alikabidhi mchele kwa akina mama, akaomba aonyeshwe kaburi. Singano akamwongoza. Hoza alichuchumaa, akachota udongo kidogo kama tufanyavyo wote, nao ukamganda vidoleni. Akautazama.

"Mjomba, udongo huu mbichi."

Hoza akaufikicha vidoleni.

"Alikufa lini?"

"Alikufa jana alfajiri," Singano alisema. Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Kwa hiyo ulipokuja kambini..."

"Alikuwa hai. Alikuwa anakungoja."

Hoza alibaki na ule udongo mkononi. "Na radhi?"

Hapo sasa, yule mzee aliyewafunika watu maisha yake yote hakuona tena njia ya kumfunika huyu. "Alikufa akiamini umekataa kuja."

Hoza aliurudisha udongo kaburini. "Hilo, mjomba," alisema, "hilo ndilo ungenificha."

Mchele ule ulipikwa, watu wakala, wakamwombea marehemu. Hoza alirudi bondeni, hakuonekana tena Kwembago. Singano hakukubali tena kutumwa. Watu wakija kumbembeleza, wakimkumbusha ulimi wake mtamu, aliwajibu kwa maneno hayahaya mnayoniuliza, kisha akashika jembe lake akaenda shambani.

Sasa nileteeni hiyo simu. Mbelwa yuko ndani ya basi, anahesabu vituo akidhani atamkuta baba yake anamngoja. Mpigieni tena. Mwambieni amekufa, semeni hivyohivyo, na akilia, lieni naye. Maana siku nyingine mama yake naye ataugua kweli, na ninyi ndio mtakaopiga. Msiba ukifichwa, uzima hausadikiki.