Aproni za Kibugu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Hawakumaanisha kwamba mtu asipende jembe zuri. Walimsema yule anayeshinda dukani akigonga kila jembe kwa kucha, hili zito, lile limepinda, hadi mvua inamkuta papo hapo huku wenzake wakipalilia. Methali hii ilimpata Mutugi barabara, ingawa hakuwa amelima hata tuta la viazi tangu amalize shule.

Mutugi alikuwa fundi wa sauti mjini Meru. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la nafaka, kando ya soko la Gakoromone, na studio yake yote ilikuwa simu, maikrofoni moja na hedifoni. Simu yenyewe ilijaa plagini, yaani programu ndogo zinazoiga mitambo ya studio za zamani. Kulikuwa na ikwalaiza za kupandisha besi au kupunguza ukali wa sauti, na kompresa za kuishika sauti isiruke wala isizame. Zilichorwa vifundo vya kuzungusha na sindano zinazotikisika, ungedhani ni zile mashine nzito za chuma zilizotumiwa ng'ambo kabla babake hajazaliwa. Mutugi alizipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa gredi. Alikuwa tayari kukueleza jinsi hii inavyoleta joto na ile inavyoleta utamu, mpaka chai yako ipoe. Kumaliza wimbo ndiko kulikomshinda.

Siku moja Mwalimu Njue, kiongozi wa kwaya ya wachuma chai wa Kibugu, kule Embu karibu na msitu wa Mlima Kenya, alimtumia wimbo aliourekodi kwa simu yake. Sauti ya mbele ilikuwa ya Wawira, mdogo wake mama yake Mutugi, ambaye Mutugi alimwita tata tangu utotoni. Tata Wawira alikuwa na uvimbe shingoni. Madaktari walikuwa wamempangia upasuaji mjini Embu, wakamwambia wazi kwamba huenda sauti yake isirudi ilivyokuwa. Tangu hapo walimkataza kuimba, kwa hiyo rekodi ile haikuwa na pacha. Aliomba jambo moja tu: mtoto wa dada yake autengeneze wimbo huo, ausikie kabla hajalazwa, ajue ameiacha sauti yake mahali salama.

Mutugi alivimba kichwa kwa kuaminiwa hivyo, akaanza kazi siku hiyo hiyo. Jambo la kwanza alilosikia lilimkera. Chini ya sauti za wanawake kulikuwa na mkwaruzo, chwa, chwa, chwa, toka mwanzo hadi mwisho. Alidhani ni uchafu wa simu duni ya Njue, akaukata kwa ikwalaiza. Mkwaruzo uliisha, lakini wimbo nao ulilala kama ugali wa jana. Badala ya kujiuliza amefanya nini, alilaumu ikwalaiza, akapakua nyingine. Hiyo nayo akasema ina baridi. Akahamia kwenye kompresa, akaijaribu moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza kuisifu aliiacha. Njue alipopiga simu aliambiwa kazi imebaki kidogo tu. Kananu, mwenye duka la nafaka, ambaye alikuwa akiusikia wimbo kupitia dari kila siku, alimwuliza kama ule ni wimbo mmoja ama ni mia. Mutugi alimjibu kwamba kitu kizuri hakitaki haraka.

Hatimaye ilibaki siku moja tu kabla tata hajalazwa. Mutugi alichukua toleo aliloliona afadhali, akafunga safari ya Kibugu. Aliwakuta wanawake kwenye kituo cha kukusanyia majani chai, vikapu vimejaa, wakingoja lori la kiwanda. Tata Wawira alikuwa katikati yao, leso imezungushwa shingoni. Mutugi alimvisha hedifoni. Tata alisikiliza mpaka mwisho, akazivua polepole, akamtazama kwa huruma.

"Mutugi, hiyo wimbo imekuwa safi sana," alisema. "Lakini nguo zetu umetuvua ukapeleka wapi?"

Wanawake waliangua kicheko. Mutugi hakuelewa hata chembe. Ndipo Muthoni, jirani yake tata, aliposimama mbele yake na kupiga hatua mbili za wimbo. Aproni yake ya plastiki, ile wanayovaa kujikinga na umande wa michai, ilisugua magoti yake. Chwa, chwa. Wenzake walimfuata, na kituo kizima kikawa na mdundo mmoja. Kwaya ile haikuwa na ngoma wala kayamba. Ngoma yao ilikuwa aproni, na walirekodi wakiwa wamezivaa. Kila mtu Kibugu alijua hivyo, ndiyo maana Njue hakuona haja ya kumweleza.

Mutugi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Muda wote ule alikuwa akiua ngoma, kisha anatafuta dawa ya kumfufua marehemu. Hata hivyo, mazoea yana taabu.

"Tata, nipe siku chache tu," alisema. "Kuna ikwalaiza ingine naitaka, hiyo itarudisha kila kitu."

"Kesho nalazwa," Wawira alimjibu. "Mimi chai nimechuna na hizi vidole tu. Sikuenda kuangalia kama kuna zingine."

Mutugi alifungua simu. Plagini zake za kifahari zilikuwa za majaribio, muda wake umekwisha, na kule karibu na msitu mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Zilizokubali kufunguka zilikuwa ikwalaiza moja na kompresa moja, zile za bure alizojifunzia kazi na kuzitupa kando kwa dharau. Alikaa kwenye benchi la kituo, akarudia rekodi ya Njue kama ilivyokuja, akamwomba Muthoni aendelee kupiga hatua karibu yake. Mara hii alisikiliza kwanza. Pale alipokuwa akikata mkwaruzo, aliuinua kidogo. Kompresa aliilegeza, ikaishika sauti ya tata bila kuikaba, mnong'ono wa ubeti wa pili ukasikika na kilio cha mwisho kikapanda bila kupasuka. Lori la kiwanda lilipofika, wimbo ulikuwa umesimama wima.

Tata Wawira aliusikiliza, akaomba aurudie tena. Machozi yalimlengalenga.

"Sasa hiyo ni sisi," alisema. "Hata nikirudi bubu, nimeimba."

Hakurudi bubu. Alirudi na sauti nusu, ya kuongea si ya kuimba. Jumapili aliyopata nguvu, Njue aliupiga wimbo ule kanisani kwa spika kubwa. Wanawake wa kwaya waliingia na aproni za chai juu ya nguo za ibada, jambo ambalo halijawahi kuonekana Kibugu, na mbele yao alikuwa Wawira, kovu shingoni, mdomo umefungwa, miguu ikipiga hatua. Sauti yake ilitoka kwenye spika na mdundo ukatoka magotini mwake. Waumini walisimama wote. Mutugi, nyuma ya kanisa, alijivuna waziwazi, na safari hii alistahili.

Baada ya ibada, Gitari, fundi wa sauti kutoka Embu mjini, alimvuta kando akamwuliza ametumia plagini gani kupata sauti tamu vile. Zamani swali hilo lingechukua mchana mzima. Mutugi aliwatazama wanawake wakikunja aproni zao, akacheka.

"Ile nilikuwa nayo," alijibu.

Kweli, mchagua jembe si mkulima.