Bi Kinyonga Ashindana Kusimama

Mniwie radhi kabla sijaanza. Hadithi hii ilikuwa nzuri ilipokuwa kwa wenyewe. Sasa imeangukia kwangu, na mdomo wangu hutangulia, hadithi ikaja nyuma inahema. Palipoharibika, rekebisheni wenyewe.

Jua liliwaka mpaka mito ikabaki mchanga mtupu. Kisima kimoja tu ndicho kilichosalia na maji, na ukingoni alijilaza Fisi, tumbo limemjaa, mkia umo majini, akisema analinda.

Sheria ya kisima aliiweka Simba, mfalme, ambaye hakuwahi kutoa amri bila kwanza kutikisa manyoya ya shingo ili aonekane. Anayetaka maji ashindane na Fisi, mchezo achague mwenyewe. Akishinda, kisima ni cha wote na Fisi ahame. Akishindwa, yeye na nyumba yake wasiguse tone mpaka mvua inyeshe.

Mbona basi kila mtu alishindwa? Kwa sababu njiani alikaa Sungura. Fisi alimnywesha maji kwa siri, naye kazi yake ilikuwa kuwasifu watu kwa wasivyoviweza.

"Dada Twiga! Umbo hilo ni la kupenya mashimoni!" Twiga akachagua kupenya shimoni, shingo ikanasa, ikabidi avutwe kama muhogo.

"Mjomba Kiboko, nani kakwambia u mnene? Kwa kukwea miti huna mwenzio!" Kiboko akachagua kukwea mti. Mti ule haupo tena.

Ndipo akatokea Bi Kinyonga. Wanawe walikuwa wamekauka ndimi hata nzi akiwatua puani hawakuweza kumnasa. Alikuja hatua moja mbele, anayumba, kama mtu anayejiuliza kama ameacha moto jikoni.

"Lo, mama yangu, miguu hiyo!" Sungura akapiga makofi. "Chagua mbio! Fisi hataona hata kisigino chako."

Bi Kinyonga akaitazama miguu yake kwa jicho moja, na Sungura kwa jicho la pili. "Mwanangu, nimetoka nyumbani alfajiri. Nyumbani ni pale." Akaonyesha kichaka cha jirani.

"Basi kuruka?"

"Siwezi."

"Mieleka?"

"Siwezi."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kusimama. Hicho nakiweza. Ila nzi akitua karibu, ulimi wangu haunisikilizi. Naweza kushindwa. Lakini nikikaa kichakani wanangu watakufa, kwa hiyo nakwenda hivi hivi nilivyo."

Fisi aliposikia mchezo aliochaguliwa, alicheka mpaka akabiringika. "Kusimama? Mimi sijaondoka hapa tangu kiangazi kianze!"

"Pandeni jiwe hili la ukingoni," Simba, aliyekuja kuamua, akanguruma. "Atakayetikisa mguu, mkia au ulimi, ameshindwa. Mimi naruhusiwa kutikisika, maana nikitikisika napendeza."

Wakasimama. Jua likawachoma utosini. Bi Kinyonga hakutikisika. Fisi naye vilevile. Sungura akakumbuka habari ya nzi, akatabasamu, akapotea majanini. Akarudi anaburuta mfupa wa nyati uliooza hasa, akaubwaga mbele ya Bi Kinyonga.

Nzi wakaja kama walioalikwa harusini. Mmoja, mnene, akamtua Bi Kinyonga puani, akaanza kusugua mikono kama anayesubiri pilau. Ulimi ukamvimba mama wa watu mdomoni. Akauma meno. Akawa wa kijani, akawa wa njano, akawa wa zambarau.

"Ametikisika!" Sungura akapiga kelele.

"Amebadilika rangi," Simba akasema. "Hata mimi hubadilika nikisifiwa. Endeleeni."

Ulimi ulishafika menoni. Unasukuma. Bi Kinyonga akawakumbuka wanawe, akafumba jicho lililomwona nzi, akabaki na lile la pili, lililomwona Fisi. Na Fisi alikuwa akidondokwa mate mpaka miguuni. Upepo ulikuwa umegeuka, na harufu ya mfupa imemwingia puani.

"Mzee Fisi, jikaze!" Sungura akalia. "Mfupa si wako, ni wa nzi!"

Fisi alishakuwa hewani. Kraa! Akautafuna, macho ameyafumba kwa utamu. Alipoyafumbua, wote walikuwa wanamtazama.

"Nilikuwa nasafisha mazingira," akasema, mdomo umejaa.

"Umeshindwa," Simba akasema.

Ulimi wa Bi Kinyonga ukafyatuka, nzi akaenda. "Samahanini," akasema. "Nilichelewa kula."

Kiboko akamfukuza Fisi, Fisi akamfukuza Sungura. "Nani alikutuma ulete mfupa?" "Na wewe nani alikutuma uule?" Wakatokomea wakigombana.

Wanyama wakashuka kisimani kwa vigelegele. Kule kichakani maji aliyapeleka Twiga, kwa ombi la Bi Kinyonga mwenyewe, maana mama wa watoto angefika nayo masika.

Tangu siku hiyo kila mnyama wa pale anakijua asichokiweza na hakionei haya. Nimebaki mimi tu, ambaye bado nasimulia hadithi.