Msumeno Usiowekwa Chini

Methali ninayotaka kuithibitisha hapa watu huitumia vibaya. Wakimwona mtu anajihadhari, humwita kunguru mwoga, kisha hucheka na kuacha nusu ya maneno ya wahenga njiani. Nami sikubali. Nitayasema yote, kwa kisa cha ndugu wawili waliorithi karakana ya baba yao.

Kaka alikuwa seremala hodari, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Dada yake mdogo alikuwa seremala vilevile, ila hakuanza kazi kabla ya kuitazama vizuri. Marehemu baba yao aliwaachia sheria moja: msumeno hauwekwi chini kabla kazi haijaisha. Ilikuwa sheria ya msumeno wa mkono. Lakini kaka aliponunua msumeno wa betri, ule ambao wembe wake mrefu huenda mbele na nyuma upesi kuliko jicho, aliihamishia sheria hiyo kwenye mtambo mpya bila kuuliza. Hata wembe ulipoisha makali, aliubadilisha huku msumeno ukiwa mkononi na betri ikiwa mahali pake.

Dada alikataa katakata. Kila alipotaka kubadilisha wembe alichomoa betri, akaitia mfukoni, akauweka msumeno chini na kungoja wembe upoe. Mafundi wa mtaani wakamwita Kunguru. Wa kwanza kucheka alikuwa kaka yake.

Siku moja walipata kazi kwa mama mmoja mshonaji. Alitaka ukuta wa mbao uliokuwa kati ya chumba cha cherehani na stoo uondolewe, apate nafasi ya meza ya kukatia vitambaa. Kaka alichora mstari kwa penseli, akavuta pumzi, akawa tayari. Dada alizunguka upande wa stoo, akaona soketi imepachikwa kwenye ukuta uleule.

"Mama, swichi kuu iko wapi?" aliuliza.

"Pale mlangoni. Lakini ukizima, mwanangu, cherehani zangu zinalala, na nguo za watu zinaningoja."

"Usizime kitu," kaka alidakia. "Hii ni kazi ya mara moja tu."

"Kaka, ukuta huu una nyaya ndani. Sikati nisichokiona. Tuzime, tubandue ubao mmoja kwa mkono, tutazame."

"Kunguru keshaanza," kaka alisema, akimtazama mshonaji na kutabasamu kwa aibu. Kisha akamgeukia dada yake. "Nisikilize, mdogo wangu. Leo ama unakata, ama unarudi nyumbani na karakana inabaki ya mtu mmoja. Nimechoka kuaibishwa mbele ya wateja."

Maneno hayo yalimchoma dada kama moto, kwa maana karakana ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Machozi yalimlengalenga. Hata hivyo alitembea hadi mlangoni akaizima swichi, na cherehani zote zikanyamaza.

"Umezima?" kaka aliuliza.

"Nimezima. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Alibandua ubao mmoja kwa nyundo. Waya mnene ulipita nyuma yake, palepale penye mstari wa penseli. Mshonaji alishika kifua. Kaka naye aliuona, lakini aibu yake iligeuka hasira. Alihamisha mstari, akaunyakua msumeno na kuanza kukata kwa fujo mpaka wembe ukagonga msumari na kupoteza meno.

"Toa betri, kaka. Uuweke chini."

"Baba hakuwahi kuuweka chini."

"Msumeno wa baba ulisimama mkono wake uliposimama. Huu unangoja kidole tu."

Kaka alimpa mgongo. Mkono mmoja ulishika mpini, wa pili ukaukamata wembe ili auchomoe. Wembe ulikuwa wa moto. Alishtuka, mkono wa mpini ukajikaza, kidole kikabonyeza kitufe, na msumeno ukaamka huku wembe ukiwa kiganjani mwake.

Dada alichomoa betri kwanza, ndipo akaufunga mkono kwa kitambaa alichorushiwa na mshonaji. Hospitalini daktari alishona vidole viwili, lakini ncha ya kimoja haikuokoka. Dada alilia kwenye benchi. Alimwonea huruma kaka yake, na alimkasirikia vilevile.

Kesho yake alirudi kumaliza kazi. Kaka alikuja pia, mkono umefungwa bandeji, akaketi kwenye kiti. Dada alizima swichi, akavaa miwani ya kazi, akaushika msumeno kwa mikono miwili na kuukandamiza ukutani usimrukie. Wembe ulipoisha makali, betri ikaingia mfukoni na msumeno ukawekwa chini, mbele ya macho ya kaka.

Fundi mmoja wa mtaani alichungulia mlangoni. "Kunguru, bado unaatamia betri?"

"Naatamia vidole," dada alijibu, bila kugeuka.

Fundi alimtazama kaka akitarajia wacheke pamoja. Kaka hakucheka. "Ukitaka fundi karakanani kwetu," alisema taratibu, "anza kuzungumza na huyo. Mimi namsaidia."

Basi anayetaka kucheka na acheke, na akichoka atazame mikono yake: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.