Waliokatwa Sekunde ya Ishirini

Leo msiniitikie amina haraka. Nisikilizeni kwanza mpaka mwisho, halafu mtaamua wenyewe kama bado mna hamu ya kuitikia.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, huko mjini, hodari wa kazi yake lakini roho juu juu siku zote. Chai anaiacha ipoe, anasimama, anakaa, anatingisha mguu chini ya meza mpaka jirani yake anakereka. Alipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya watu kujiandikisha kwenye kambi ya macho. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja kwa siku tano, nafasi ni mia sita tu, na kambi yenyewe iliombwa kwa ajili ya watu wa milimani, ambako ugonjwa wa mtoto wa jicho umewafungia ndani wazee wengi. Mtu alitakiwa aweke namba ya simu, jina na kijiji, na mwisho atume picha ya barua ya zahanati.

Zikiwa zimebaki siku tatu, fundi akaujaribu mfumo wake. Alikuwa na programu inayojifanya watu. Ukiiambia iwe watu elfu tano, inakuwa watu elfu tano, wote wanabisha hodi kwenye tovuti kwa pamoja. Wakaingia na kutoka bila shida yoyote. Akamwita mratibu wa kambi, muuguzi mtu mzima aliyefanya kazi milimani miaka mingi, aje ajionee.

“Hao watu wako elfu tano,” mama akauliza, “wanatumia mtandao gani?”

“Huu wa hapa ofisini, mama.”

“Kumbe wote wanakaa humu ofisini! Basi wakaribishe chai.” Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. “Kule kwetu, baba, picha moja inachukua dakika nzima kwenda, na hapo mtu kapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Nipimie na hao.”

Fundi hakuipenda kauli ile, kwa sababu alijua mama kasema kweli. Akaibana programu yake, kila mtu wa bandia akapewa mtandao wa kujikongoja kama wa milimani. Akaanza upya. Walipofika mia nne tu, mfumo chali.

Kwa nini? Hapa mnifuate vizuri. Mwenye mtandao wa kasi anaingia, anamaliza, anampisha mwenzake. Mwenye mtandao dhaifu anashika mlango muda mrefu, na milango ya kompyuta ile ina idadi yake. Wakishaishika mia nne wa namna hiyo, hata mwenye haraka hapiti. Ni kama pale bombani anapokuja mtu na chupa ya mdomo mwembamba: maji yapo tele, lakini foleni haisogei.

Dawa ilikuwepo. Angeweza kupokea namba, jina na kijiji kwanza, picha ikaja baadaye taratibu. Lakini hiyo ilikuwa kubomoa nusu ya kazi, na siku zimebaki tatu. Akazunguka meza. Akakaa. Akasimama tena, akaenda dirishani, akarudi. Kisha akaandika mstari mmoja tu: asiyemaliza kutuma ndani ya sekunde ishirini, akatwe. Na kwenye ripoti akaagiza kwamba aliyekatwa asihesabiwe kuwa ni kosa la mfumo. Aandikwe, “Ameondoka mwenyewe.”

Akapima tena, watu elfu tano, mtandao dhaifu ule ule. Ripoti ikatoka yote kijani. Akampigia mama.

“Mama, nimepima na watu wako. Mfumo umepita.”

Niambieni, alidanganya? Mtandao aliubana kweli. Watu elfu tano aliwaleta kweli. Mama wa watu akafurahi, akapanda milimani, akapita kijiji hadi kijiji akiwaambia wazee wajiandae.

Siku ikafika. Saa sita mchana nafasi zote mia sita zilikuwa zimejaa, na mfumo haukuyumba hata mara moja. Wakubwa wakampigia makofi. Yeye moyo haukutulia. Akafungua orodha, akaanza kusoma watu wanakotoka: mjini, mjini, mjini. Akashuka mpaka mwisho wa orodha. Wa milimani hakuwepo hata mmoja.

Akafungua ile safu ya walioondoka wenyewe. Watu elfu mbili na ushee. Namba moja ya simu ilikuwa imejaribu mara arobaini na moja. Ndugu zangu, mtu anayeondoka mwenyewe hurudi mara arobaini na moja?

Akaipiga namba ile. Akapokea mzee.

“Shikamoo, mzee. Napiga kutoka usajili wa kambi ya macho.”

“Marahaba, baba! Mmepiga wenyewe!” Mzee alifurahi mpaka sauti ikatetemeka. “Tusameheni sana. Tangu asubuhi tunawasumbua. Simu yetu hii ni mbovu, na jirani ndiye ananishikia, mimi sioni. Mwisho tukasema tuache, tusije tukawaharibia wenzetu.”

Fundi alijua simu ya mzee haina ubovu wowote.

“Nafasi bado zipo?” mzee akauliza.

“Zimejaa, mzee.”

“Haya. Mungu awabariki kwa kutukumbuka.”

Mnaona? Aliyekatwa mara arobaini na moja ndiye aliyeomba radhi, tena akamwombea baraka aliyemkata.

Mmeanza kumchukia yule fundi, nawaona. Haya, tuje kwetu. Sisi tunapenda mambo yaende mbio na ripoti iwe safi. Kwenye kikao cha jumuiya, humu humu, mama mmoja alisimama aeleze shida yake, akaanzia mbali, tangu alipoolewa. Tukaangalia saa. Tukamwambia, “Mama, kwa kifupi.” Akakaa. Sijamwona tangu Pasaka, na wiki ile niliandika kwamba jumuiya ina amani. Na yule ndugu mwenye kigugumizi, mara ya mwisho tulimpa nafasi ya kuomba hapa mbele lini? Wewe nyumbani, baba mkwe wako anayerudia jambo moja mara tatu, unamsikiliza mpaka lini kabla hujashika simu yako? Tunawakata, halafu tunashangaa kwamba hawalalamiki.

Kila mwisho wa mwaka tunasoma daftari la washirika, na mbele ya majina mengine tunaandika, “Amerudi nyuma.” Mwaka huu ni majina kumi na tisa. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, nanyi mkanyoosha mikono kupitisha. Hakuna aliyeuliza mtu hata mmoja kulikoni. Kesho asubuhi naanza kuwapigia simu, na ninaogopa, nawaambia kweli. Wa kwanza wao akipokea na kuniomba radhi, sura yangu nitaiweka wapi?