Aliyemfuata Aikande Kwenye Theluji

Kama leo umeamka umechoka, usikipite kisa hiki haraka. Kaa nacho kidogo. Nimetumiwa na rafiki ambaye si mtu wa kutuma tuma mambo, nami nakupa kama nilivyopewa.

Alikuwepo mwanamke mmoja jina lake Aikande, mzaliwa wa Machame. Utotoni, kila alipotoka nje asubuhi, aliiona theluji juu ya mlima, nyeupe, imetulia, kama nguo iliyoanikwa na watu wengine. Hakuwahi kuigusa. Baadaye maisha yakamchukua. Akaolewa, akafiwa, akahamia nchi moja ya kaskazini ambako theluji haikai mlimani. Inakuja mpaka mlangoni na kukuzuia kutoka.

Huko alipata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Ni kazi ya kusimama kutwa. Jioni nyayo zilimwaka moto, na usingizi wake haukuwa wa kulala, ulikuwa wa kuzimia.

Nchi hiyo ina mashindano ya kila mwaka. Watu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba, hushika fimbo mbili, na kuteleza juu ya theluji kupita misitu na maziwa yaliyoganda, kilomita tisini kwa siku moja. Mabingwa humaliza kabla ya chakula cha mchana. Waliobaki, walimu, mafundi bomba, wastaafu, hujikokota mpaka jioni. Njiani kuna vituo, na kila kituo kina saa yake ya kufungwa. Ukichelewa, kamba inavutwa mbele yako na unaonyeshwa basi.

Mwenzake wa kazini ndiye aliyemfundisha. Majira ya baridi ya kwanza alianguka zaidi kuliko alivyokwenda. Lakini siku moja mbao zilishika njia, zikateleza zenyewe, na Aikande akahisi jambo ambalo hakuwahi kulihisi: miguu yake ilikuwa inapumzika huku inakwenda. Kwa ajili ya hilo tu akajiandikisha.

Mara ya kwanza kamba ilimkuta. Mara ya pili, mwaka uliofuata, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na kamba. Alifika kwenye daraja la mbao katikati ya msitu, akaona mbele hakuna mtu, akageuka akaona nyuma hakuna mtu. Akaketi kwenye theluji apumzike kidogo. Hakuinuka tena mpaka gari la waokoaji lilipokuja kumzoa.

Mdogo wake, Manka, alimpigia simu kutoka nyumbani.

"Dada, mambo ya wazungu waachie wazungu. Ulianza ushonaji, ukaacha. Ulianza kwaya, ukaacha. Na hiki nacho utakiacha mara ngapi?"

"Manka, nimechoka. Niache."

"Si ndiyo hayo ninayosema? Umechoka. Pumzika, dada yangu."

Manka hakuwa na ubaya. Ndiyo maana maneno yake yalikaa.

Mwaka wa tatu Aikande alijiandikisha tena, na safari hii hakumwambia mtu.

Asubuhi ya mashindano baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Maelfu ya watu waliondoka pamoja, wakigongana mbao na kuombana radhi. Mlima wa kwanza walipanda kama foleni ya maji, hatua, simama, hatua, simama. Kisha umati ukaanza kuchujika. Wenye nguvu wakapotea mbele, wenye busara wakatafuta mwendo wao, na kabla ya adhuhuri Aikande akajikuta peke yake kwenye njia, kulia miti, kushoto miti.

Peke yake, ila kwa sauti moja.

Tak. Tak. Tak.

Fimbo za mtu, nyuma yake. Akageuka. Alikuwa mzee mrefu, amevaa kizibao cha njano, begi mgongoni, ndevu zimeganda barafu. Alikuwa mbali kiasi cha kutoweza kusemeshwa, karibu kiasi cha kusikika.

Aikande alifurahi kidogo, tuseme ukweli. Kumbe yupo aliye nyuma yake. Kumbe yeye si wa mwisho. Akasogea pembeni ampishe, kama adabu ya njia inavyotaka.

Mzee hakupita.

Akaendelea, na zile fimbo zikaendelea. Akisimama kupumua, zinasimama. Akianza, zinaanza. Kwenye mteremko mmoja alianguka chali, mbao zikapandana juu yake kama fito. Alipoinua kichwa alimwona yule mzee amesimama, anatazama vilele vya miti kama mtu anayehesabu ndege.

"Ananidharau," Aikande alijisemea. "Hata kuniangalia hataki."

Basi hasira ikaingia, na hasira ni kuni. "Mzee, utake usitake, wa mwisho utakuwa wewe," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwelewa. Akachoma fimbo kwenye theluji na kujisukuma.

Kituo baada ya kituo aliipita kamba kabla haijavutwa. Walimpa kikombe cha matunda meusi yaliyochemshwa na sukari, akakishika kwa mikono miwili, mvuke ukampiga usoni. Kila alipogeuka, yule mzee alikuwa amesimama na kikombe chake, na watu wa kituo wanamsalimia kama ndugu. Katika kituo kimoja mhudumu alitazama juu ya bega la Aikande na kumuuliza mzee, "Vipi?" Mzee akatikisa kichwa kukubali. Aikande akakirudisha kikombe kabla hajamaliza, akaondoka.

Kituo cha mwisho alikipita mwanga ukiwa umeanza kupauka. Kutoka pale hakuna kamba tena, ni njia tupu mpaka mjini. Na hapo ndipo mwili ulipodai chake.

Mikono haikuwa yake tena. Mabega yaliuma, kisha yakaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Alijaribu kusali akasahau maneno katikati. Alijaribu kumchukia yule mzee, chuki nayo ilikuwa imechoka. Mbele yake theluji ilitandazwa laini, haina kunyanzi, kama shuka lililotoka kwenye pasi sasa hivi. Amepiga pasi mashuka mangapi ya kulaliwa na wengine? Akaona hakuna ubaya kujilaza kidogo kwenye hili.

Akaketi.

Tak. Tak. Fimbo zikaja mpaka karibu kabisa, zikakoma.

"Pita!" Aikande alifoka kwa lugha ya huko, bila kugeuka. "Umenifuata kutwa nzima. Njia hiyo hapo. Pita ukajisifu."

"Siwezi," mzee akasema.

"Huwezi nini? Una nguvu kuliko mimi, nimekusikia."

"Kazi hainiruhusu. Mimi ndiye mfunga njia. Nakaa nyuma ya mtu wa mwisho mpaka afike. Nikikupita, nitakuwa nimekuacha msituni peke yako."

Maneno hayo yalichelewa kumwingia. Alipoyaelewa, aligeuka taratibu akamtazama. Kile kizibao cha njano kilikuwa na maandishi ya waandaaji kifuani. Kutwa nzima hakuyasoma.

"Kwa hiyo wa mwisho ni mimi."

"Ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kituo cha pili."

Aikande alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Kutwa alikuwa amejifariji kwa jambo moja, kwamba angalau kuna mmoja nyuma yake. Kumbe hata huyo mmoja hakuwamo mashindanoni.

"Lakini kulikuwa na watu nyuma yangu," alisema. "Asubuhi niliwaona."

"Wamo kwenye basi."

Aikande alilijua basi hilo. Alijua harufu yake ya sufu iliyolowa, na watu wazima wanaotazama nje ya dirisha ili wasitazamane.

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alijikunja akachuchumaa, magoti yakalia. Jina la Aikande lilikuwa limeandikwa kwenye namba yake ya kifuani, akalitamka polepole, akikosea kidogo.

"Aikande. Mimi naitwa Eskil. Mwaka jana pia nilikuwa nyuma yako."

"Mwaka jana hapakuwa na mtu. Niligeuka nikaangalia."

"Nilikuwa kwenye kona, nyuma ya miti. Ndivyo nilivyofundishwa: kaa mbali, mtu aliyechoka asijione anafukuzwa. Ulipoketi pale darajani nilikuwa nakuona. Nikasema nimwache, atainuka mwenyewe. Kabla hujaketi uligeuka, ukatazama nyuma, hukuona mtu." Eskil akavunja kipande cha barafu kwenye ndevu zake. "Niliuona uso wako. Halafu gari likaja. Nimekaa na uso ule mwaka mzima."

Upepo ukapita juu ya miti na kumwaga theluji kidogo kati yao.

"Leo nilipoliona jina lako kwenye orodha nikaamua nitakaa karibu, usikie fimbo zangu. Ukinichukia, unichukie. Ila usije ukadhani uko peke yako."

Aikande alimkazia macho. Kisha kitu kikamtoka kifuani ambacho kilianza kama kikohozi na kuishia kuwa kicheko.

"Nimekuchukia kweli, mzee wangu."

"Nilijua. Ulikuwa unakwenda vizuri sana ukinichukia."

Wakacheka wote wawili, watu wawili wenye midomo iliyopasuka, katikati ya msitu.

"Inuka basi," Eskil akasema. "Siruhusiwi kukushika mkono. Ingekuwa ruhusa, ningekushika."

Aliinuka mwenyewe. Kwanza goti moja, kisha fimbo, kisha goti la pili, kisha akakaa hivyo kwa muda kama mtu aliyesahau kinachofuata. Halafu akasimama.

Sehemu iliyobaki haikuwa nyepesi, nisikudanganye. Hasira ilikuwa imekwisha na hapakuwa na kuni nyingine. Uchovu ulikuwa uleule, baridi ileile. Lakini kila alipofikia ukingoni alisikiliza nyuma. Tak. Tak. Akatupa mguu mwingine mbele.

Walipofika mjini, bendi ilikuwa imekwenda zake na watazamaji wamerudi makwao. Watu wachache walikuwa wanakunja meza. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliliona jina la Aikande, akalitangaza vibaya kwa moyo wote, na Aikande akavuka mstari. Dada mmoja akamvisha medali na kumwambia aingie ndani haraka, kuna moto na kahawa.

Hakuingia. Aligeuka.

Eskil alikuwa bado nyuma, ameinama, anang'oa bendera ya mwisho inayoonyesha njia na kuishika mkononi. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyetangaza jina lake, kwa sababu hakuwa na namba. Alivuka mstari kama mtu anayeingia kwake kutoka shambani.

Aikande alianza kumpigia makofi. Lakini makofi ya glavu hayana sauti. Alipiga, akapiga, hakuna kilichosikika. Basi akavuta pumzi yote iliyombakia, akapiga vigelegele, vile vya harusi, vile vya kwao Machame, vikapasua ule mji uliokuwa umenyamaza.

Wakunja meza wakaacha meza. Mtu wa kipaza sauti akageuka. Na Eskil, aliyekuwa amefunga njia ile miaka mingi bila kushangiliwa hata mara moja, alisimama na bendera mkononi, akainamisha kichwa, akawa hajui mikono yake aiweke wapi.

Funzo: Si kila anayekufuata anakufukuza; wengine wako nyuma yako ili usibaki peke yako. Na siku utakayokuwa wewe nyuma ya mtu aliyechoka, usimlinde kwa mbali, msogelee mpaka asikie hatua zako.