Mkeka Uliofumuliwa Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa kule nyuma mnatafuna tu.

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, babu zenu hawajaota hata meno, kulikuwa na kijiji chenye kanisa la udongo, na kanisa hilo lilikuwa na mzee aitwaye Azaria. Leo mkitaja busara mnamtaja yeye. Nami nitawaambia jinsi alivyoipata hiyo busara, na msinilaumu ikiwa chungu.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mkristo akianguka dhambini, alitengwa na Meza ya Bwana. Alikaa nje, mlangoni, chini kwenye vumbi. Ili arudi kundini alitakiwa asuke mkeka wa toba kwa mikono yake mwenyewe, auweke mbele ya Mzee Azaria. Mzee aliupitishia vidole, ukindu kwa ukindu. Ukiwa sawa, mtu aliingia. Ukipinda mahali, mzee aliufumua. Chwa, chwa, chwa. Anza upya.

Watu waliipenda desturi ile. Walisema inamfundisha mtu kutomchezea Mungu. Azaria aliipenda kuliko wote.

Basi, Azaria alikuwa na binti mmoja tu, Rispa, aliyemlea peke yake baada ya mkewe kufariki. Rispa akaondoka na mwanamume wa mbali, bila posa, bila ndoa. Miaka miwili kimya. Mwaka wa tatu akarudi, ameachwa, amekonda, anakohoa. Kho, kho, kho. Azaria alimwona akija njiani, moyo ukamruka, akainuka kwenye kiti. Kisha akakumbuka kuwa watu wanamtazama. Akakaa tena.

Binti alipiga magoti, akasema amekosa, na kwamba anataka jambo moja tu: kushiriki Meza ya Bwana na baba yake kabla hajafa. Azaria akamwambia njia anaijua. Hata nyumbani hakumpokea. Jirani yao, Mama Loisi, ndiye aliyempa pa kulala.

Rispa akasuka. Akaleta. Azaria akapitisha vidole, akakuta pembeni pamelegea. Chwa, chwa, chwa. Anza upya.

Rispa akasuka. Kho, kho. Akaleta. Azaria akakuta ukindu mmoja umeruka. Chwa, chwa, chwa. Safari hii Mama Loisi alimfuata mpaka shambani.

"Mzee, mkeka wa Yoeli ulipinda kama njia ya mbuzi, na ukaupokea."

"Yoeli si mwanangu," akasema Azaria. "Nikimlegezea wangu, watu watasema nini?"

"Kwa hiyo anateseka kwa sababu ni wako."

Azaria akaendelea kulima. Neno lile lilimchoma, ila aliona aibu kulikubali.

Rispa akasuka mara ya tatu. Mkeka ulibebwa na Mama Loisi, Rispa akija nyuma kwa kushika ukuta. Azaria akaona kasoro moja, ndogo mno, ambayo mtu mwingine asingeiona. Alitaka kuinyamazia. Jamani, alitaka. Lakini kanisa zima lilikuwa limegeuka kumtazama. Chwa, chwa, chwa.

Rispa hakulia. Aliuliza tu, "Baba, na Mungu naye anakagua hivi?"

"Ndivyo," akasema Azaria.

Rispa alikufa Ijumaa iliyofuata, ukindu ukiwa mkononi. Akazikwa nje ya ua wa kanisa, bila wimbo, maana ndivyo walivyozikwa waliotengwa.

Jumapili kengele ikalia. Ngo, ngo, ngo. Azaria akafika mlangoni, miguu ikakataa kuingia. Akaketi vumbini, pale pale alipokuwa akiketi Rispa. Sala haikuja. Akasema tu, "Nimemuua mwanangu, nikakusingizia wewe."

Na hapo, kabla hajaomba msamaha, akajua anapendwa. Hakusikia sauti, hakuona nuru. Alijua tu, kama mtoto anavyojua mgongo wa mama yake, kwamba Mungu amembeba, na hajawahi kumshusha. Akaangua kilio.

Wazee wenzake wakamletea ukindu, asuke, arudi. Akakataa. Nao wakamtenga. Miaka kumi na miwili alikaa mlangoni, na kila aliyetengwa alimkuta pale. Azaria alimsogezea nafasi, akamwambia, "Umeshapendwa. Kaa." Wengine walimwamini. Desturi yenyewe haikufa upesi, msidhani.

Siku moja Mama Loisi, naye sasa ameshika mkongojo, alimuuliza mbona bado analia, kama kweli Mungu amemsamehe.

"Alinisamehe papo hapo, kabla sijaimaliza toba yenyewe," akasema Azaria. "Ndiyo maana nalia. Kumbe msamaha ni kupewa tu. Na Rispa alikaa mbele yangu miezi minane, akiniomba."

Azaria alipokufa walimzika nje ya ua, karibu na binti yake.

Basi ninyi mlionisikiliza, mkiwa na mtu mlangoni leo, mwingizeni leo. Msimkague kwa jina la Mungu, maana Mungu hajawatuma. Ngano yangu naiweka chini hapa, chungu kama nilivyoipokea.