Maua Yaliyokunywa Maji ya Nepi

Wapendwa, huko milimani kulikuwa na mama mmoja. Jina lake silitaji, msije mkaanza kumtafuta humu kwenye mabenchi. Mama huyu alipanda mayungiyungi, yale maua meupe ya shina refu yanayopenda unyevu mwaka mzima. Kila Jumapili madhabahu ilipambwa kwa maua yake, na akisifiwa alijibu, "Mungu amenipa mkono wa kupanda." Binti yake wa pekee alipoposwa, mama alikataa katakata maua ya kununua. "Mwanangu ataolewa akishika maua ya mama yake," alisema, na raha ilimjaa tele.

Sasa, jirani yake wa upande wa juu alikuwa na mapacha wadogo. Mnajua mapacha wanavyomaliza nepi? Alifua asubuhi, akafua jioni, na maji ya kusuuzia yakateremka mpaka kwa huyu mama. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akapanda kwa jirani.

"Jirani, mimi na maji yako machafu tutaishi hivi mpaka lini?"

"Nisamehe, dada. Nitachimba mfereji." Na kweli akauchimba, akayaelekeza maji bondeni.

Mama akashusha pumzi. Lakini kiangazi kilipokaza, majani ya mayungiyungi yakawa njano na mashina yakalala. Na harusi hiyo inakaribia. Akamwagilia ndoo kwa ndoo, akatia mbolea, akaomba, akafika hata kushuku watu wenye kijicho. Hadi siku alipoinama kupalilia, akaona alama nyeupe ya sabuni iliyokauka ardhini, imetoka kwenye uzio wa jirani mpaka kwenye mizizi ya maua yake. Akakaa chini palepale. Aibu ilimshika, jamani.

Akapanda tena, mara hii taratibu.

"Jirani, nimekuja kuomba yale maji yako."

"Yapi, dada? Yale machafu?"

"Hayo hayo."

Jirani akacheka mpaka akashika kiuno. "Mapacha siku hizi wanaomba poti, nepi hakuna tena. Lakini mablanketi ya kufua ninayo, na wewe lete yako."

Wakafukia mfereji, wakawa wanafua pamoja. Siku ya harusi maua hayakuwa mengi, ila yalitosha shada la bibi harusi, na jirani alikaa benchi la mbele.

Sasa niwaulize: yule mama alidanganya aliposema Mungu amempa? Hakudanganya. Mungu alimpa, ila alimpa kupitia beseni la jirani, naye akaiziba njia kwa mdomo wake. Ndio sisi hao. Tunasimama hapa kushuhudia maua, na mwenye nepi hatumtaji, tukimtaja, tunamlalamikia. Huyo shemeji unayesema amekujazia sebule, nani anawapokea watoto wako wakitoka shule? Huyo mama mkwe unayemwita kero, nani anakuombea ukiwa umelala?

Ibada ikiisha leo, usikimbilie chakula. Kuna mlango unaoujua mwenyewe. Pita hapo kwanza, upige hodi.